Nunua Bodi, Injini Utaipata Kisekka

Anayetaka gari la kulalia safarini hapa Kampala, bila mfuko mnene, hutazama kwanza Toyota HiAce ya zamani. Viti vinang'olewa, kitanda kinaingia, safari inaanza. Bei anayotajiwa humvutia. Ila bei hiyo ni mlango tu. Gharama zenyewe zimo ndani ya nyumba.

Tuanze na sheria. Tangu Oktoba 2018, Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Gari la abiria lililo chini ya umri huo lakini lenye miaka kadhaa hutozwa kodi ya mazingira inayofikia asilimia 50 ya thamani yake, mbali na ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo HiAce za umbo lililotoka 1989, zilizopokewa na umbo jipya 2004, haziingii tena nchini. Unayouziwa leo imeshaishi hapa miaka mingi, na huenda ilikuwa taksi. Fungua mlango, tazama kwenye bawaba: chini ya rangi mpya mara nyingine utakuta vile vimraba vya buluu vya taksi.

Hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanza, nami nasema ianzie kwenye bodi. Injini ikifa, kwenye soko la spea la Kisekka utapata nyingine ya mtumba, ifungwe, uendelee. Kutu haina mtumba wake. Fundi makini huja na sumaku ndogo. Huipitisha taratibu chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na kando ya paa. Inaponata, kuna bati. Inapoteleza na kuanguka, kuna fila iliyopakwa juu ya tundu. Na kwa gari la kulalia, paa ndilo roho: ukilikata ili linyanyuke kama magari ya watalii, kila kiungo kisichozibwa vizuri kitavuja mvua za Machi hadi Mei, godoro litalowa, na kutu itaanzia ndani usikoiona.

Kisha injini. Dizeli ya 1KZ-TE, iliyomo kwenye HiAce Super Custom nyingi, inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, mwambie fundi awashe. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Rudisha ufunguo kwa mwenyewe. Kama ni nzima, badilisha mara moja mipira ya maji, themostati na mkanda wa taiming, hata ukiambiwa ni mipya. Mkanda ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana, na ulichookoa unakilipa mara nyingi zaidi.

Ufundi wa ndani ndio wenye nafuu. Mbao zipo Ndeeba, maseremala wapo Nsambya, wachomeleaji wapo Katwe. Hatari yake ni uzito. Maji ya tangi la lita 100 peke yake ni kilo 100, bado kitanda cha mbao ngumu, betri na mtungi wa gesi. Uzito huo ukikaa nyuma daima, springi zinalala, shokomzoba zinakufa, na matairi yanakwisha upande mmoja.

Mafuta nayo yahesabiwe. Chukua gari linalokula lita 1 kwa kilomita 9. Kutoka Kampala hadi Kabale, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 800: lita 89. Lita ikiwa shilingi 5,000, hizo ni shilingi 445,000 kabla hujalipia pahali pa kuegesha.

Wengi huponzwa na jambo moja: fundi wa Kampala ni wa bei nafuu, basi wanadhani matengenezo ni nafuu. Kumbe spea duni huifanya kazi ileile irudiwe mara tatu, na kila mara unalipa spea, fundi na siku yako.

Ushauri wangu: gawa fedha zako mafungu mawili kabla hujaenda kuangalia gari. Nusu inunue, nusu isubiri gereji. Kama nusu hainunui gari lenye bodi nzima, endelea kuweka akiba. Mwaka mmoja wa kungoja una gharama ndogo kuliko usiku mmoja wa kukwama kwenye milima ya Kabale na silinda hedi iliyopasuka.