Kujisemea Penye Majivu: Uzungumzi Nafsi katika Chozi la Heri

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, uzungumzi nafsi ni istilahi inayotajwa zaidi ya inavyochunguzwa. Mhakiki huiweka katika orodha ya mbinu, akaongeza kwamba inafichua mawazo ya mhusika, kisha akapita. Mazoea haya yalishamiri zaidi wakati riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2017), ilipokuwa kitabu teule katika shule za sekondari nchini Kenya, kabla ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kushika nafasi hiyo. Mwanafunzi alifunzwa kuitambua mbinu na kuitolea mfano. Hakufunzwa kuuliza mhusika anayesema peke yake amenyang'anywa nani wa kusema naye.

Lugha yenyewe inalidokeza swali hilo. Kitenzi "kujisemea" kina kiambishi cha kujirejea pamoja na mnyambuliko wa kutendea. Kisarufi, basi, pana nafasi ya mtendewa ambayo haiwezi kuachwa tupu, na msemaji anapokosa mwingine wa kuijaza huijaza kwa nafsi yake. Ndiyo sababu mpita njia humwona anayesema peke yake barabarani kuwa amerukwa na akili: anasikia nusu ya mazungumzo na haioni nusu ya pili. Jukwaani, tangu Kiswahili kilipopata Makbeth ya S. S. Mushi mwaka 1968, hadhira imezoea kuikalia nafasi hiyo. Katika riwaya mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa msomaji hayupo mbele ya mhusika.

Riwaya ya Matei inaanza na Ridhaa, daktari, akikabiliana na mabaki ya makao yake baada ya ghasia zilizozuka kufuatia uchaguzi. Moto umemteketezea mkewe Terry, na pia mkazamwana na mjukuu. Mwanawe Mwangeka yuko ng'ambo katika kikosi cha kulinda amani, kinaya ambacho mwandishi hana haja ya kukifafanua. Mawazo ya Ridhaa yanarudi nyuma hadi shuleni, alikotengwa na wenzake na kuitwa mfuata mvua, na hadi kwa Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi, ambaye sasa mkono wake umo katika maangamizi hayo. Kila anayemkumbuka ni mtu aliyekuwa akizungumza naye. Mke aliyezoea kumjibu, hata kwa kumcheka, hayupo tena. Jirani yupo, lakini hasemezeki. Kinachoitwa uzungumzi nafsi hapa ni mazungumzo yaliyokatwa, na msemaji amebaki ameushika upande wake.

Riwaya haitaji Nakuru, na kuilazimisha itaje ni kuipunguza. Hata hivyo, msomaji wa Bonde la Ufa ya kati hawezi kuisoma kama ngano ya nchi ya mbali. Molo iliungua mwaka 1992. Mapigano yakazuka Njoro mnamo Januari 1998, na mwezi kama huo mwaka 2008 ikawa zamu ya mji wa Nakuru na Naivasha, katika machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100 nchini na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi ya mahema. Msitu wa Mamba, wanakohamia wahusika waliofurushwa, ni jina la kubuni, ila mtu aliyeshuhudia watu wakitolewa katika msitu wa Mau mwaka 2009 anajua uzito wa kukaa msituni bila hati ya kukaa.

Mtu kujisemea mbele ya magofu si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Yapata miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuelekeza utenzi wake wa Al-Inkishafi kwa moyo wake mwenyewe, akiuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki mahame. Ulinganisho huu unafaa hasa kwa sababu ya pale unapokatika. Mshairi wa Pate na moyo wake wana msamiati mmoja wa kuelezea anguko: dunia ni ya kupita na jumba lililobomoka ni onyo. Moyo unaambiwa ujifunze. Ridhaa hana anasa hiyo. Nyumba yake haikubomolewa na wakati, ilichomwa na watu wenye majina, na mmoja wao anamjua. Akijiambia kwamba dunia ni mapito atakuwa amewasamehe kabla hawajaulizwa. Kwa hiyo nafsi yake haipokei mawaidha. Inahoji, inarudia ishara ambazo labda ingezitambua mapema, mlio wa bundi zikiwemo, na haipati jibu. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi naye hujihoji hadi kujiua, ila upweke wake ni wa mtu aliyeshindwa kuona maana ya kuishi. Ridhaa anaiona maana hiyo vizuri mno, na ndiyo aliyoporwa.

V. N. Voloshinov alidai mwaka 1929 kwamba usemi wa ndani nao ni wa kijamii, kwa kuwa maneno ya kuufanyia yametoka kwa wengine. Katika Nakuru dai hili lina makali yake. Wakazi wengi hapo wana lugha ya nyumbani, iwe Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kikisii au nyingine, na Kiswahili ndicho cha ua la pamoja, sokoni na steji ya matatu. Ni lugha ya jirani. Katika uhalisi mtu kama Ridhaa huenda angelilia katika lugha ya mama yake. Mwandishi amemlazia kilio katika Kiswahili, na kwa kufanya hivyo, iwe alikusudia au la, amemwacha Mzee Kedi aweze kumsikia. Uchungu wa siri kabisa unasemwa kwa lugha ambayo aliyeusababisha anaielewa.

Hapa ndipo udhaifu wa riwaya unapoumiza. Kiswahili cha nafsi ya Ridhaa ni sanifu kupita kiasi, kimesheheni methali na tamathali zilizopangwa kama vyombo vya harusi. Mara nyingi sauti ya msimulizi na ya mhusika haziachani, na mtu aliyefiwa usiku huo anatoa mhadhara kuhusu ardhi na ukoloni ambao ungefaa zaidi darasani. Hoja za mhadhara huo si mbaya, ila zimekaa mahali ambapo msomaji alitarajia pumzi iliyokatika. Jibu kwamba Ridhaa ni msomi halitoshi; wasomi nao hugugumia.

Mwandishi anafaulu zaidi anapomrudishia mhusika msikilizaji. Mwangeka anaporejea, yale ambayo Ridhaa alikuwa akijiambia yanapata sikio, na sentensi zinafupika. Umu naye, aliyetengana na ndugu zake Dick na Mwaliko, anapata kwa Mwangeka na Apondi watu wa kumsikiliza. Mzee Kedi peke yake hajafunguliwa. Msomaji anajua alichofanya ila hajui alijiambia nini usiku ule alipofika kwake na kufunga mlango. Katika kumbi za mihadhara za Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, watoto wa akina Ridhaa na wa akina Kedi wameisoma riwaya hii wakiwa benchi moja, na ni nusu yao tu waliokuta humo mzazi anayejisemea.