Mizuka Isiyo na Hadithi

Lawama ya kuwa televisheni imeharibika ina umri karibu sawa na televisheni yenyewe. Mwaka 1961 Newton Minow, aliyekuwa mkuu wa tume isimamiayo utangazaji katika Marekani, aliwaambia wenye vituo kwamba wakikaa mbele ya vyombo vyao tangu asubuhi hadi usiku hawataona ila jangwa. Vipindi alivyovilaumu vyaitwa leo vya zama za dhahabu na wale waliokuwa watoto wakati ule. Kwa hiyo anenaye habari ya kushuka kwa ubora hana budi kuonyesha ni ubora gani ulioshuka na umeshukaje. La sivyo, maneno yake yatakuwa manung'uniko ya uzee tu.

Vipindi vya mizuka vyafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, maana mali yao ni ileile tangu zamani: nyumba, giza, na kitu kisichoonekana. Lililobadilika ni ufundi wa kuitumia mali hiyo. Katika Uingereza njia ya badiliko hilo yaweza kufuatwa hatua kwa hatua, na yafaa kuanza huko kabla ya kuvuka bahari.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1972 BBC ilionyesha mchezo uitwao The Stone Tape, ulioandikwa na Nigel Kneale na kuongozwa na Peter Sasdy. Ndani yake kundi la wataalamu wa kampuni moja ya vyombo vya umeme lahamia katika jumba kuukuu kutafuta njia mpya ya kunasa sauti, ili kampuni iwashinde Wajapani sokoni. Katika chumba kimoja cha mawe Jill, mwanamke aliye miongoni mwao, aona mzuka wa mtumishi aliyeanguka ngazini akafa zamani. Mkubwa wao, Brock, hahuzuniki, afurahi. Ajiambia kwamba mawe yamenasa kilio cha marehemu kama ukanda unasavyo wimbo, na kwamba siri hiyo yaweza kuuzwa. Kwa pupa yao wakifuta kilio kile, na chini yake wakuta kitu cha kale zaidi, kisicho na sura, ambacho chamwua Jill. Mwishoni Brock asimama chumbani peke yake, na mawe yamrudishia kilio cha Jill.

Tishio la mchezo huu si yule mtumishi, ambaye hamdhuru mtu. Tishio ni Brock, mtu asikiaye kilio cha mwenziwe akahesabu faida. Mzuka ni njia ya kuyafikia hayo, na mtazamaji huondoka akiwa amejua jambo juu ya tamaa ambalo hotuba isingemwambia vizuri zaidi. Ajabu ni kwamba jina la mchezo huu baadaye liligeuka likawa jina la kile kiitwacho nadharia. Wawinda mizuka hunena kwa uso mkavu kwamba kuta hunasa matukio na kuyarudia, nao huipa fikira hiyo jina ambalo Kneale aliupa mchezo wake. Wamelichukua jina, na onyo lililokuwa ndani yake wameliacha.

Hatua ya pili ni ya tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilipoonyesha Ghostwatch, kazi ya mwandishi Stephen Volk na mwongozaji Lesley Manning. Mchezo huu ulijivika vazi la habari. Watangazaji mashuhuri, Michael Parkinson, Sarah Greene, Mike Smith na Craig Charles, walicheza nafsi zao wenyewe. Simu ziliombwa kutoka kwa watazamaji. Kila jambo lilionyeshwa kana kwamba latokea papo hapo, hali picha zilikuwa zimekwisha kupigwa miezi kadha kabla. Mama mmoja na binti zake wawili wasumbuliwa na vishindo ndani ya nyumba yao. Mama alikuwa amewatuliza watoto kwa kuwaambia kuwa ni mabomba ya maji yanayogonga; basi watoto wakauita mzuka huo Mabomba. Volk aliathiriwa na habari ya nyumba ya Enfield, katika London, ambayo tangu mwaka 1977 ilijaza magazeti kwa vishindo na sauti, na ambamo watoto walikiri kuwa baadhi ya mambo waliyatenda wenyewe.

Katikati ya Ghostwatch binti mkubwa afumaniwa akigonga ukuta kwa siri. Mtangazaji studioni aona fumbo limefumbuliwa, na mtazamaji apumua. Hapo ndipo Volk aonyeshapo ustadi wake, kwa kuwa baada ya uongo mdogo kufichuliwa, kubwa zaidi laingia mlango uleule. Mtaalamu aliyeko studioni atambua, amechelewa, kwamba mamilioni ya watu waliokaa gizani wakikodolea macho kioo kimoja wamefanya kilinge kikubwa kupita vyote, na kwamba wao ndio waliompandisha pepo. Greene apotea katika kabati la chini ya ngazi. Taa za studio zazimika, na Parkinson, mzee aliyeaminiwa na taifa, atangatanga akisema kwa sauti isiyo yake.

Kosa la kazi hii halifichiki. Msimulizi wa hadithi wa pwani ya Afrika Mashariki husema paukwa, wasikilizaji humjibu pakawa, na kwa maneno hayo mawili mkataba umefungwa: kitakachofuata kitatisha, walakini hakitamdhuru mtu. Ghostwatch hakikutoa paukwa ya kutosha. Jina la mwandishi lilionyeshwa, na waliopiga simu walikusudiwa wasikie ujumbe wa kuwa ni mchezo, lakini nyaya zilielemewa, na wengi hawakuusikia. Mwaka 1994 jarida la madaktari, British Medical Journal, lilieleza habari za watoto waliougua kwa hofu iliyotokana na kipindi hicho. Mhakiki hana haki ya kulipita jambo hilo kwa sababu ya kuvutiwa na ufundi. Lakini pia hana haki ya kusahau shabaha. Kazi iliyowadanganya watazamaji ilikuwa yawaambia jinsi wanavyodanganyika kwa urahisi, na kwamba jicho lao lina sehemu katika maovu wayatazamayo.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2002 kituo cha Living kilianzisha Most Haunted, na mtu aliyeiona kazi ya Volk angedhani anaona vazi lake limetundikwa kwenye kigingi. Mtangazaji mwanamke, Yvette Fielding, aliyejulikana na taifa kwa kipindi cha watoto Blue Peter, kama Greene alivyojulikana, aingia nyumba ya giza. Kamera zaona gizani na kuufanya kila uso uwe wa kijani. Yuko mtaalamu wa kutilia shaka, na yuko mwaguzi ambaye pepo humpanda kichwani. Vitu vyote vya Ghostwatch vimo, isipokuwa mwandishi.

Mwaka 2005 mtaalamu huyo wa kipindi, Ciarán O'Keeffe, alidai hadharani kwamba alibuni majina ya wafu wasiokuwako na kuyapenyeza yamfikie mwaguzi, na kwamba katika gereza la kale la Bodmin mwaguzi alipandwa na mmoja wao, Kreed Kafer, ambaye herufi za jina lake zikipangwa upya hufichua tusi la udanganyifu. Mwaka huohuo Ofcom, chombo kisimamiacho utangazaji Uingereza, kilipima malalamiko ya watazamaji, kikaamua kwamba kipindi hakikuvunja kanuni, kwa kuwa kilikuwa cha burudani wala si uchunguzi wa kweli. Hukumu hiyo yaweza kuwa sahihi kwa sheria. Kwa fasihi haimalizi neno, kwa sababu burudani ya hadithi ina sharti zake. Hadithi ina mwanzo ulioamuliwa, ina mwisho uliogharimiwa, na ina mtu awezaye kuulizwa, kwa nini ulimwua Jill? Kadhalika uchunguzi una matokeo, na una mtu awezaye kuulizwa, ulipimaje? Kipindi cha namna hii kikishtakiwa kwa kukosa ukweli hukimbilia kwenye burudani, na kikishtakiwa kwa kukosa sanaa hukimbilia kwenye ukweli. Kishindo cha juma hili hakikumbuki kishindo cha juma lililopita. Watu hupiga yowe, matangazo ya biashara hupita, watu hurudi wakiuliza, umesikia?

Katika Marekani mambo yalikwenda njia hiyo kwa magari makubwa zaidi. Ghost Hunters kilianza mwaka 2004 katika kituo cha Sci Fi, na yafaa kukitendea haki, maana viongozi wake wawili, Jason Hawes na Grant Wilson, walikuwa mafundi bomba, nao mara kwa mara waliwaambia wenye nyumba kwamba mzuka wao ni maji yanayogonga katika mfereji. (Mama wa Ghostwatch angewashukuru.) Katika dakika hizo kipindi kilikuwa na heshima ya kazi ya mikono. Lakini hakuna kituo kiwezacho kuishi kwa kuuza mabomba, na fundi aliyelipwa ili aje tena juma lijalo hujifunza kusikia zaidi ya maji.

Katika msimu wake wa kwanza kipindi hicho kilikwenda Eastern State, gereza la Philadelphia lililofunguliwa mwaka 1829 na kufungwa mwaka 1971. Huko ndiko ufukara wa vipindi hivi uonekanako wazi. Gereza hilo lilijengwa kwa imani ya kwamba mtu akitengwa na kila uso wa binadamu atatubu. Kila mfungwa alikuwa na chumba chake, mwanga wake wa darini, na ua wake mdogo. Akipitishwa ukumbini alifunikwa kichwa asione wala asionekane. Charles Dickens alilizuru mwaka 1842, akazungumza na wafungwa, akatoka na kuandika kwamba adhabu ile ni mateso ya akili ambayo hakuna mtu mwenye haki ya kumtesa mwenziwe. Mwaka uliofuata alitoa A Christmas Carol, hadithi ya mizuka imfunzayo bahili huruma. Mtu huyo alijua kilichomo ndani ya kuta zile na alijua pia mzuka watumiwaje. Kamera ya mwaka 2004 iliingia katika kumbi hizohizo ikitafuta kivuli kinachokimbia. Kilichowapata watu wale, kwa miaka mingapi na kwa amri ya nani, kilipita kwa maneno machache ya utangulizi, kama bei iandikwavyo juu ya bidhaa. Waliokatazwa kusema walipokuwa hai waliombwa wagonge ukuta.

Sababu ya vipindi hivi kuzaana si ya kutafutwa mbali: havihitaji mwandishi, waigizaji wala mandhari ya kujengwa, nao usiku haulipishwi kodi. The Learning Channel, kituo ambacho asili yake ni mradi wa elimu wa mwaka 1972 uliosaidiwa na serikali ya Marekani na shirika la anga la NASA, kilifikia mwaka 2011 kuonyesha Long Island Medium, habari za mwanamke asemaye kuwa huwapelekea wafiwa salamu za wafu wao. Wafiwa wale si waigizaji, na machozi yao si ya kuandikwa.

BBC haikukionyesha Ghostwatch mara ya pili katika miaka kumi iliyofuata usiku ule. Mwaka 2002 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilikitoa kiuzwe madukani, kwa watu wachache waliokikumbuka, na ni katika mwaka huohuo Most Haunted kilipoanza kuonyeshwa.