Vuli si Majira ya Majani Kupukutika: Toni katika Nyimbo Tatu za Kimagharibi

Mojawapo ya makosa yanayojirudia katika uhakiki wa nyimbo na mashairi yaliyofasiriwa ni kudhani kwamba majira huzaa hisia moja kila mahali. Mtahiniwa hukutana na neno 'vuli', akakumbuka mvua, akaandika kwamba toni ni ya matumaini. Mwenzake amesikia kwamba Wazungu huhuzunika majani yanapoanguka, hivyo kila wimbo wa majira hayo huuita wa huzuni. Wote wawili hawajausoma wimbo wenyewe.

Tuanze na neno. Vuli ni msimu wa mvua za Oktoba hadi Desemba. Hapa Majengo, mjini Meru, huu ndio wakati wa kununua mbegu. Katika sehemu kame za Meru na Embu, wakulima huzitegemea mvua hizi kuliko za masika. Majira ya Ulaya tunayoyazungumzia huangukia Septemba hadi Novemba, na ndiyo maana baadhi ya wafasiri huyaita vuli. Miezi inakaribiana, lakini maana zinapishana: huku tunapanda, kule miti inabaki mitupu.

Wimbo wa kwanza ni 'Les Feuilles mortes', maneno yake yakiwa ya mshairi Mfaransa Jacques Prévert na muziki wa Joseph Kosma. Ulitumika katika filamu ya Kifaransa mwaka wa 1946, kisha Mmarekani Johnny Mercer akautungia maneno ya Kiingereza kwa anwani ya 'Autumn Leaves'. Nafsineni anakumbuka mapenzi yaliyokwisha, na majani yaliyoanguka ni jazanda ya kumbukumbu hizo.

Niliwahi kuwachezea wanafunzi wa Kidato cha Tatu muziki wake bila maneno. Wengi walisema ni wa huzuni. Kisha nikawasomea muhtasari wangu ambamo nilikuwa nimetumia neno 'vuli'. Baadhi walibadili jibu: toni ni ya matumaini, kwa kuwa mvua imefika. Kosa lilikuwa langu, si lao. Neno moja liliushinda muziki mzima. Anwani ya Kifaransa yenyewe haitaji majira. Inataja majani yaliyokufa. 'Majani Yaliyopukutika' ingenitosha.

Hata hivyo, mwalimu asiishie hapo. Majani hupukutika kwetu pia. Mbuyu huangusha majani wakati wa ukame, na mwanafunzi anayetoka sehemu kavu huenda akawaza kiu na njaa. Kule sababu ni baridi inayoingia na mchana unaofupika. Ili kumsaidia ahisi baridi hiyo, mkumbushe kipupwe cha Julai, ukungu unapotanda na kila mtu yumo ndani ya sweta. Kipupwe ni daraja la kuelezea tu. Tusikiweke ndani ya tafsiri.

Suala la mchana kufupika ndilo ufunguo wa wimbo wa pili, 'September Song', wa mwaka wa 1938. Maneno ni ya Maxwell Anderson, na muziki ni wa Kurt Weill, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake mwaka wa 1933 baada ya Wanazi kutwaa mamlaka. Katika mchezo wa jukwaani ulimotoka, anayeuimba ni gavana mzee anayemposa msichana. Miezi ya mwaka ni jazanda ya umri. Meru iko karibu kabisa na ikweta, na mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. New York, mchana wa Juni ni wa saa 15 hivi, na wa Desemba saa 9. Asiyeelezwa hili ataona mzee mwenye huzuni tu. Aliyeelezwa ataisikia haraka yake: muda unakwisha, na uliobaki hataki kuupoteza. Toni ni ya kusihi.

Wimbo wa tatu unavunja kabisa dhana ya huzuni. 'Autumn in New York', uliotungwa na Vernon Duke mwaka wa 1934, unasifu majira yanayoliamsha jiji upya. Nafsineni ana msisimko, ingawa uchungu haukosekani. Mtahiniwa anayejibu 'huzuni' kwa sababu tu ya majira yaliyotajwa atakuwa ameiacha nusu ya wimbo.

Ninapendekeza hatua tatu darasani. Kwanza, uliza ni nini hasa kinachotokea katika mandhari, na kwa nini. Pili, tambua nafsineni na nafsinenewa; mzee anayeposa hasemi kama mpenzi aliyeachwa. Tatu, dai ushahidi kutoka kwa maneno ya utungo. Toni haimo katika kalenda. Imo katika jinsi nafsineni anavyoyatazama majira hayo. Hivyo ndivyo Karatasi ya Tatu inavyodai: jibu litajwe, kisha lithibitishwe.

Maswali ya marudio

1. Kwa kurejelea utungo wowote uliosoma, eleza jinsi majira yanavyotumika kama jazanda. (alama 4)

2. Mfasiri ametumia neno 'vuli' katika wimbo kuhusu majani yanayoanguka. Eleza athari ya uteuzi huo kwa toni, kisha upendekeze neno au fungu la maneno lifaalo zaidi. (alama 6)