Pepe na Kiini: Hadhira katika Matukio ya Uhalisia Pepe

Istilahi "uhalisia pepe" imekwisha kuenea katika maandishi ya Kiswahili, na yafaa tuanze kwa kuitazama yenyewe. Pepe, kwa maana yake ya asili, ni punje ya nafaka yenye ganda bila kiini. Basi aliyeliteua neno hili, akijua au asijue, alikwisha kutoa hukumu: kwamba ulimwengu huu wa kompyuta una umbo la kitu pasipo kitu chenyewe. Je, hukumu hiyo ni ya haki tunapozungumzia tukio hai, yaani mchezo wa jukwaani, muziki au utambaji wa ngano?

Watetezi wa teknolojia hii huijenga hoja yao juu ya macho na masikio. Mtazamaji huvaa kifaa kinachofunika macho. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Wazo hilo si geni: Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha namna hiyo huko Marekani mwaka wa 1968. Husemwa kwamba aliyekivaa "yupo" ukumbini. Lakini sisi wanafunzi wa fasihi simulizi hatuna budi kuuliza kuwapo ni nini. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha Oral Literature in Africa mwaka wa 1970, imekuwa vigumu kuichambua fasihi hiyo bila kuizingatia hadhira kuwa sehemu ya utendaji. Fanani asemapo "Paukwa!" pasiwe na wa kujibu "Pakawa!", ngano haijaanza. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka akamtuza mwimbaji mbele ya watu. Kiini cha tukio hai, basi, si kuona kwa karibu. Ni kujibu, na jibu hilo kuweza kuathiri litakalofuata.

Tutumie kipimo hicho kwa mifano miwili ya Uingereza. Onyesho la ABBA Voyage lilianza London mwezi wa Mei 2022, katika ukumbi uliojengwa mahsusi, wenye nafasi ya watu wapatao 3,000. Waimbaji wanne walionekana katika umbo la ujana wao, ilhali zilikuwa taswira zilizoundwa kwa kompyuta kutokana na miondoko iliyonaswa kabla. Wapiga ala walikuwa watu halisi, na hadhira ilicheza na kushangilia. Hata hivyo, shangwe zote hizo hazikuweza kuifanya taswira hata moja irefushe sauti yake. Hadhira iliitikia, ila fanani hakusikia.

Mwezi wa Machi 2021, kumbi zilipokuwa zimefungwa kwa ajili ya Uviko-19, Royal Shakespeare Company ilitoa Dream, onyesho lililotokana na tamthilia ya A Midsummer Night's Dream. Waigizaji walitenda huko Portsmouth wakiwa na mavazi ya kunasa miondoko, na papo hapo watu majumbani wakamwona Puck kwenye skrini, ndani ya msitu wa kubuniwa. Hapakuwa na haja ya kuvaa kifaa cha macho. Aliyelipa pauni 10 aliweza kutuma vimulimuli vya kumwangazia Puck njia. Kwa anasa ya macho, onyesho hili ni duni kuliko lile la London. Kwa kipimo chetu, limelikaribia tukio hai zaidi, kwani fanani na hadhira walikutana katika wakati mmoja. Kasoro yake ni kwamba hadithi ilikwisha kupangwa: kimulimuli kiliangaza, hakikuamua. Aidha mtazamaji hakuweza kuguna, wala kuondoka pakaonekana pengo.

Jambo hili latuhusu. Idara zetu zikianza kuhifadhi utambaji kwa kamera zinazonasa pande zote, tutashawishika kuamini kwamba tumeihifadhi fasihi simulizi, kumbe tumehifadhi usimulizi mmoja wa siku moja. Yafaa basi kamera iwaelekee wasikilizaji kama inavyomwelekea mtambaji, na iandikwe nani alijibu, nani alicheka, na mtambaji alibadili nini kwa sababu yao.

Mhakiki naye, aletewapo tukio la namna hii, aulize kwanza nani ameruhusiwa kujibu na jibu lake labadili nini. Ikiwa halibadili lolote, neno "pepe" limestahili. Ikiwa labadili, itatupasa kutafuta istilahi nyingine.