Sanamu, Sanaa na Sadaka: Uhakiki wa Utengenezaji wa Picha kama Ibada ya Kikristo, kutoka Kilima cha Mbuya hadi Murang'a

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna utengenezaji wa picha, michongo na kazi za kitambaa unavyoeleweka kama tendo la ibada ya Kikristo katika Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wetu umeshughulikia zaidi kazi iliyokwisha kukamilika, yaani sura yake, uasilia wake na bei yake, na kulisahau tendo la kuitengeneza. Usahaulifu huo umechochewa, kwa sehemu, na msamiati wa Kiswahili wenyewe. Kwa kuanzia katika mtaa wa Mbuya, Kampala, makala yanapitia shule ya sanaa ya Makerere, picha za ukutani za Elimo Njau huko Murang'a na mapokeo ya picha takatifu ya Waorthodoksi wa Namungoona, kisha yanarejea Mbuya kwenye karakana ya ushonaji. Inapendekezwa kwamba dhana ya sadaka itumike kama kigezo cha uhakiki na kwamba watunga sera wazingatie utengenezaji, si bidhaa pekee.

Istilahi Muhimu: sanamu, ibada, sadaka, nia, picha za ukutani, sera ya utamaduni

1.0 Utangulizi

Mbuya ni kilima kilichopo mashariki mwa jiji la Kampala, katika Divisheni ya Nakawa. Hapo yamekaa jirani mambo ambayo kwingineko hutenganishwa: kambi na hospitali ya jeshi, nyumba za wenye uwezo, makazi duni yanayoteremka kuelekea Kinawataka, na Parokia ya Kikatoliki ya Mama Yetu wa Afrika. Kwa mtafiti wa Kiswahili, ujirani huo una maana ya pekee. Nchini Uganda lugha hii imehusishwa kwa miaka mingi na askari, hivyo kwa wakazi wengi wa Kampala imekuwa lugha ya amri kuliko lugha ya sala. Luganda na Kiingereza ndizo zilizozoeleka kanisani.

Hali hiyo inabadilika. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Lugha inapoingia darasani huingia na msamiati wake wa imani na wa sanaa. Kwa hiyo swali la makala haya si la wanateolojia peke yao. Mtu anapochora, anapochonga au anapodarizi kwa ajili ya kumwabudu Mungu, ibada yake iko wapi? Je, imo ndani ya kitu alichokitengeneza, iko mbele ya kitu hicho wakati waumini wanapokitazama, au ilikwisha kufanyika mkononi mwake kabla mtu yeyote hajakiona?

2.0 Tatizo la Neno “Sanamu”

Kiswahili kimerithi neno sanamu kutoka Kiarabu, ambako linamaanisha kinyago kinachoabudiwa. Katika matumizi ya leo neno hilohilo hutaja mnara wa ukumbusho wa kiongozi, mchongo wa Bikira Maria, na mungu wa uongo anayekemewa mimbarani. Msemaji wa Luganda ana njia nyingine. Yeye husema ekifaananyi, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kufanana, naye hulitumia pia kwa picha ya kawaida ya kamera. Ni kweli kwamba Biblia ya Luganda nayo hulitumia neno hilo katika amri inayokataza kuchonga miungu. Hata hivyo, mzizi wake unatangulia kueleza uhusiano wa mfano na kitu kinachofananishwa, ilhali mzizi wa sanamu unatangulia kuleta shaka. Mwanafunzi wa Kampala anayehama kutoka neno moja hadi jingine anahamia pia, bila kuambiwa, katika hukumu fulani.

Maandiko yenyewe hayana wepesi huo wa kuhukumu. Kitabu cha Kutoka, ambacho katika sura ya 20 kinakataza sanamu ya kuchonga, ndicho ambacho katika sura ya 31 kinamtaja Bezaleli kuwa amejazwa roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Mwenzake Oholiabu anatajwa baadaye kuwa mchongaji na mdarizi. Katikati ya agizo hilo na utekelezaji wake kinasimuliwa kisa cha ndama wa dhahabu. Dhahabu ya ndama ilitoka katika pete za masikio ya watu, na miongoni mwa matoleo ya hema la kukutania zilikuwamo pete za masikio pia. Malighafi ni ileile na jamii ni ileile. Kinachotofautiana ni mwelekeo wa utoaji: ndama alitengenezwa ili watu wapate mungu wanayeweza kumweka mbele yao na kumwongoza, na hema lilitengenezwa kwa matoleo ya hiari ambayo Musa alilazimika kuyazuia yalipozidi.

Kutokana na kisa hicho tunapata kigezo kilicho tayari katika Kiswahili, nacho ni sadaka. Neno hilo, kama yalivyo maneno ibada na nia, linatumiwa na Waislamu na Wakristo kwa pamoja, nalo halielezi kitu bali linaeleza kutoa. Katika Misa ya Kikatoliki, wakati wa matoleo, mkate hutajwa kuwa ni tunda la ardhi na pia la kazi ya mikono ya watu. Hapo liturujia inakiri kwamba kazi ya mikono huingia katika ibada kama kazi, kabla haijawa kitu kingine.

3.0 Kutoka Makerere hadi Murang'a

Historia ya sanaa ya kisasa ya Kampala ilianza karibu na swali hili kuliko inavyokumbukwa. Mwaka 1937 Margaret Trowell, msanii Mwingereza, alianzisha masomo ya sanaa nyumbani kwake Mulago. Masomo hayo yalikuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere ambayo leo ina jina lake. Trowell alikuwa Mkristo wa dhati. Aliwasomea au kuwasimulia wanafunzi kisa, mara nyingi kutoka Injili, kisha akawataka wachore walichokiona moyoni badala ya kuiga picha za Ulaya. Amelaumiwa, na kwa haki, kwa kuamua yeye mwenyewe ni kipi kilicho cha Kiafrika na kwa kuwachelewesha wanafunzi wasikutane na sanaa ya ulimwengu. Baada ya kustaafu kwake mwaka 1958, Cecil Todd alibadili mwelekeo huo. Lakini lawama hiyo isitufiche jambo moja: katika darasa lake, kuchora kulikuwa namna ya kulisikiliza neno, si namna ya kulipamba.

Aliyelichukua jambo hilo na kulipeleka mbali zaidi ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano kubwa katika kanisa la ukumbusho la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote huko Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati wa ukoloni. Picha hizo zinaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, Karamu ya Mwisho, mateso ya Gethsemane na kusulubiwa. Watu wote waliomo ni Waafrika, na ardhi ni ile ya Kenya ya kati.

Wahakiki wengi huishia hapo: Yesu amekuwa Mwafrika, nasi tunashangilia. Shangwe hiyo ni halali lakini haitoshi. Kanisa hilo lilijengwa wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960) ili kuwakumbuka Wakristo waliouawa, wakiwamo waliokataa kiapo cha Mau Mau. Lilikuwa jengo lenye upande katika vita ambavyo viliwagawa ndugu wa nyumba moja. Mtu anaweza kusema kwamba picha zake ni sehemu ya propaganda ya mkoloni. Makala haya yanaona kwamba hoja hiyo ina uzito kuhusu jengo na waliolidhamini, lakini haizimalizi picha. Msalaba uliosimikwa katika ardhi ya Murang'a, ukizungukwa na nyuso za watu wa huko, hauwezi kuwa mali ya upande mmoja. Mjane wa aliyeuawa kwa kukataa kiapo na mama wa kijana aliyefia msituni, wote wawili wangemwona pale mtu anayefanana na wao. Waliodhamini jengo walitaka ukumbusho wa mashahidi wao, na mchoraji, kwa kuifuata Injili hadi mwisho, alileta ombolezo lililo pana kuliko agizo.

Isitoshe, picha ya ukutani haiondoki. Mchoro maarufu wa Sam Ntiro, mwana mwingine wa Kilimanjaro na Makerere, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku (1956), upo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Huko unaheshimiwa, na ni vema. Lakini picha za Murang'a haziwezi kuuzwa bila kuubomoa ukuta. Mchoraji aliyekubali sharti hilo ametoa kitu ambacho hatakirudisha, na waliokipokea ni watu wa mahali pamoja.

4.0 Je, Kunakili Ni Kusinzia?

Mwaka 1965 Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, kituo ambacho jina lake linamwonyesha mnyama paa akipaa. Kauli yake inayojulikana zaidi inawaonya wasanii kwamba anayenakili humfanya Mungu alale usingizi. Kauli hiyo imewakomboa wengi kutoka utumwa wa kuiga Ulaya. Hata hivyo, ikifanywa kanuni ya ibada, inapingwa na ushahidi uliopo Kampala kwenyewe.

Huko Namungoona kuna makao ya Kanisa la Kiorthodoksi la Uganda. Mwanzilishi wake, Reuben Spartas Mukasa, alijitenga na Waanglikana mwaka 1929 akitafuta Ukristo usiotawaliwa na wamisionari, na mwaka 1946 kanisa lake lilipokelewa na Patriarki wa Aleksandria. Kwa hiyo Waganda waliojitafutia uhuru walichagua mapokeo ambayo ndani yake mchora picha takatifu hufunga na kusali kabla ya kushika brashi, kisha hufuata kielelezo alichokirithi. Kwake, kunakili ni utii, na kubuni sura mpya ya Kristo kwa matakwa yake ni majivuno.

Njau na mchora picha wa Kiorthodoksi hawawezi wote wawili kuwa sahihi ikiwa ibada inapimwa kwa upya wa picha. Wanaweza kuwa sahihi wote ikiwa inapimwa kwa sadaka. Mmoja anatoa uoni wake, mwingine anautoa kwa kuuacha. Anayekosa sadaka ni yule anayenakili ili amalize haraka, na vilevile yule anayebuni ili asifiwe.

Pingamizi moja ni la lazima. Nia haionekani, na mhakiki si padri wa kitubio. Itapimwaje basi? Jibu ni kwamba nia haionekani lakini kazi huacha alama zake: chaguo la malighafi, muda uliotumika, mahali ilipowekwa, namna inavyotunzwa na kukarabatiwa, na kama watu wanamkumbuka aliyeifanya. Hayo yanaweza kuchunguzwa, na bado hatuyachunguzi.

5.0 Cherehani za Mbuya

Turejee kilimani. Mwaka 2001 Parokia ya Mama Yetu wa Afrika ilianzisha huduma ya Reach Out Mbuya kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ndani ya huduma hiyo ilizaliwa karakana ya ushonaji iitwayo Roses of Mbuya, ambako wanawake walipata ujuzi na kipato. Hapa nadharia inakutana na mtihani wake mgumu, kwa kuwa kinachotengenezwa ni bidhaa ya kuuzwa. Je, kinaweza kuitwa ibada?

Mtazamo uliozoeleka hugawa jibu mara mbili. Kanisani, mshono ni msaada wa kijamii, na ibada ni ile inayofanyika altareni. Katika ripoti za maendeleo, mshono ni mapato, yaani idadi ya mifuko iliyouzwa na ya kaya zilizonufaika. Pande zote mbili haziutazami mshono wenyewe. Lakini Paulo alishona mahema kwa ajili ya riziki, na hakuna anayedai kwamba sindano ilimtoa katika utume. Malipo hayaifuti sadaka. Kinachoifuta ni kumlazimisha mtengenezaji atengeneze kile tu ambacho mnunuzi anategemea kukiona, hadi rangi, umbo na kasi ya mkono viamuliwe na soko. Mwanamke aliyeambiwa kwamba maisha yake yamekwisha, kisha akapanga vipande vya kitenge rangi kwa rangi na kuunyoosha mshono hata upande wa ndani usioonekana, anatoa kitu ambacho bei ya mfuko haikilipi. Huo ni ushahidi ambao mhakiki anaweza kuugeuza mkononi na kuutazama.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamejenga hoja kwamba picha huwa ibada kwa kile ambacho mtengenezaji anakitoa, si kwa sura iliyochorwa wala kwa upya wake. Yanayotokana na hoja hiyo ni haya. Kwanza, mitaala mipya ya Kiswahili nchini Uganda itofautishe picha, mchongo, taswira na sanamu, na iwafundishe wanafunzi vitenzi vya kazi, kama vile kuchonga, kudarizi na kufinyanga, pamoja na nomino zake. Pili, majimbo na parokia ziweke rejista ya kazi za sanaa inayotaja mtengenezaji, malighafi, mwaka na namna kazi ilivyofanyika, na rejista hiyo isomwe kabla ukuta wowote haujapakwa rangi upya. Tatu, utekelezaji wa Sera ya Taifa ya Utamaduni ya Uganda ya mwaka 2006 usiipime sanaa ya jumuiya za kidini kwa mapato na utalii peke yake.

Hasara ya kutofanya hivyo haitakuwa ya makanisa tu. Watengenezaji wa kazi hizi wanazeeka, na wengi hawakuandika majina yao juu ya walichokitoa. Yule anayejua ni mkono wa nani uliodarizi kitambaa cha altare mara nyingi ni mtu mmoja mzee katika benchi la mbele. Mtafiti amwulize angali yupo.