Ukuta wa Njau na Chokaa Yetu

Wahakiki wengi wa kwetu wakikutana na picha kanisani huipita kama pambo. Wakijitahidi sana watasema ni Biblia ya wasiojua kusoma. Kauli hiyo ni ya kale: Papa Gregori wa Kwanza aliitoa mnamo mwaka 600, akimkanya askofu wa Marseille aliyevunja picha. Ni utetezi, lakini una dharau ndani yake, kwamba picha ni ya mjinga tu. Akishaelimika atapewa kitabu.

Hebu tuupime utetezi huo kwa kazi ya Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Kristo wake ni Mwafrika, na nchi ni ya Wakikuyu. Sasa, kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau kwa kukataa kiapo. Kumbukumbu ya namna hiyo iliwafaa wakoloni. Lakini msanii akishamtundika Mwafrika msalabani, mahali pale, katika miaka ile ya vitanzi na kambi za vizuizini, nani atamzuia mtazamaji asimwone pale kaka yake aliyenyongwa na serikali? Jina la kanisa linataja mashahidi. Picha haisemi ni wa upande upi. Msomaji wa shahada atalifikiria hilo sawasawa na bibi asiyejua herufi, na pengine bibi atamtangulia. Na wale ndugu zetu wa "fani na maudhui ni pande mbili za sarafu" watuambie: rangi ya ngozi ile iko upande gani?

Wapo watakaosema sisi Walutheri wa Kinampanda na Iramba nzima hatuna mapokeo ya picha, chokaa na msalaba vyatosha. Jamani! Machi 1522 Luther alitoka mafichoni Wartburg kuwatuliza waliokuwa wakivunja picha Wittenberg, na altare ya kanisa la mji huo ina mchoro wa Cranach tangu 1547. Waliotaka kuta tupu ni akina Zwingli. Waorthodoksi ndio kabisa, ikoni wanaibusu. Chokaa ndiyo ngeni huku: miamba ya Kolo, kule Kondoa, ilichorwa zamani sana, na hadi karne hii wapo wanaopanda kufanya tambiko palepale penye michoro.