Nani Alimwua Kapteni Alex? Sinema Moja na Hukumu za Watazamaji

Mtu akitoka kutazama sinema, neno la kwanza limtokalo kinywani huwa ni hukumu: "Nzuri," au "Mbaya." Ni wachache wajiulizao wamepima kwa kipimo gani. Nguo haipimwi kwa pishi, wala mtama haupimwi kwa yadi. Lakini katika kazi za sanaa kosa la namna hiyo hutendeka kila siku, wala hakuna ashtukaye.

Natoa mfano wa sinema moja ya jirani zetu wa Uganda, iitwayo Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimwua Kapteni Alex? Ilitolewa mwaka 2010 na Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, mtaa wa watu maskini katika jiji la Kampala. Inasimulia vita baina ya makomando wa jeshi, wakiongozwa na Kapteni Alex, na genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia. Ndugu wa mkuu wa genge anakamatwa, na mkuu huyo, Richard, anaapa kulipiza kisasi. Lakini watu wake wafikapo kumteka Kapteni, wanamkuta amekwisha kuuawa. Hapo ndugu yake Kapteni, Bruce U, bingwa wa kupigana kwa mikono na miguu, anatoka kumtafuta mwuaji.

Inasemekana kwamba gharama yake haikufika dola 200 za Marekani. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu na mbao, helikopta zilichorwa kwa kompyuta, na waigizaji walikuwa watu wa mtaani. Nakala ya kwanza ilipotea. Iliyobaki ina sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayefasiri na kutania juu ya picha, kama ilivyo desturi katika vibanda vya video vya Uganda. Desturi hiyo hata sisi wa Kenya twaijua.

Sinema hii ilienea duniani kwa njia ya intaneti, na watazamaji wake wakagawanyika. Wapo walioidharau. Husema kwamba damu yake haifanani na damu, na kwamba moto wa mabomu umebandikwa juu ya nyumba kama stampu juu ya bahasha. Wasemayo ni kweli. Lakini wanaipima kwa sinema za Marekani zilizogharimu mamilioni ya dola, na kumlaumu fundi kwa kukosa kitu ambacho hakuweza kukinunua si kuhakiki kazi yake. Ni kuhesabu mfuko wake.

Wapo pia walioisifu kwa sababu ya ubaya wake. Hao huketi pamoja, hucheka kila bunduki inapolia, na husema kwamba haijapata kutokea sinema mbaya iliyo tamu kama hii. Kucheka si kosa, maana msimulizi mwenyewe atualika kucheka. Lakini kuna kicheko cha mtu aliyeketi na mwenye nyumba, na kuna kicheko cha mpita njia achunguliaye dirishani. Amsifuye mtu kwa kushindwa kwake hamtakii kushinda.

Kundi la tatu ni la wenye huruma. Kwao, kuitia kasoro kazi ya maskini ni ukatili. Maneno yao ni matamu, na nakiri kwamba yalinivuta kwa muda. Lakini mwalimu asomaye insha ya mwanafunzi maskini, akampa alama zote kwa sababu hana viatu, hakumheshimu. Amemwambia kimya kimya kwamba hawezi kujifunza zaidi. Huruma ina mahali pake, lakini haishiki mizani.

Basi tuipimeje? Naona ni haki kutenga mambo yanayohitaji fedha na mambo yasiyohitaji fedha. Helikopta inahitaji fedha. Tuliache jambo hilo. Mapigano ya mikono na miguu hayahitaji ila viungo vya mwili, mazoezi na ujasiri, na hapa sinema inastahili sifa. Wachezaji wanaruka, wanaanguka na kuinuka kwa bidii isiyo na hila. Mwendo wa hadithi ni wa haraka, na katika muda wa zaidi kidogo ya saa moja hauoni mtu aliyechoka. Sauti ya msimulizi nayo huziba mapengo mengi, na pale picha inapolegea yeye huishika mkono.

Lakini masimulizi hayahitaji fedha pia, na hapo ndipo sinema hii iliponihuzunisha. Jina lake ni swali, na swali hilo ni ahadi kwa mtazamaji. Kapteni anauawa, nasi hatuoni mkono uliomwua. Ndugu yake anatoka kuutafuta, lakini upesi utafutaji unamezwa na milio ya risasi. Jiji linapigwa mabomu, jeshi linavamia maficho ya genge, Richard anakamatwa, nchi inawekwa chini ya amri ya kijeshi, na sinema inakwisha. Nani alimwua Kapteni Alex? Hatuambiwi, wala hatukupewa hata alama moja ya kutuwezesha kukisia.

Yupo atakayesema kwamba kulificha jibu ndio utani wenyewe. Huenda ni hivyo. Lakini hata kitendawili kina sheria zake. Mtegaji hutega, wasikilizaji hujaribu, na wakishindwa humpa mji. Akiisha kupewa mji, lazima afumbue. Sisi watazamaji tulijaribu, tukashindwa, tukatoa mji, na mtegaji akaondoka nao bila kufumbua. Jibu lile lisingaligharimu hata senti moja. Mazungumzo ya dakika mbili chini ya mti yangalitosha, na watu wa Wakaliga waliojua kuunda bunduki kwa vyuma vya kuokota wasingalishindwa kuyaunda. Nailaumu sinema yao kwa jambo hili kwa kuwa naamini waliliweza.

Enyi vijana, wengi wenu mtatazama sinema kuliko mtakavyosoma vitabu, na baadhi yenu mtatengeneza za kwenu kwa simu zilizo mikononi mwenu. Msingoje fedha ndipo mwanze, Nabwana hakungoja. Lakini msidhani kwamba umaskini utawasamehe kazi ya kufikiri. Nanyi mkialikwa kuhukumu kazi ya mwenzenu, ulizeni kwanza alikuwa na nini mkononi, kisha ulizeni alikitumiaje. Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya msanii mnyonge ni kusifiwa kwa alilolitenda vema, na kuambiwa wazi lile aliloliweza naye akaliacha.